Springi ya Divina

Springi ya bastola ya Divina ilikuwa fupi. Niliilaza kando ya mpya juu ya benchi, nikaona imepungua mizunguko miwili.

"Nilijua tu!" Divina akafoka. "Tangu nilipoichukua hapa juzi, nikifyatua, bastola inanirusha mkono, na kesho ndiyo mashindano ya shabaha ya Cebu. Fundi, umenifanyia nini?"

"Si mimi, dada."

Hapa Danao, mji wa mafundi wa bunduki, fundi akikata springi huilainisha ncha yake kwa tupa. Hii iliachwa hivyohivyo, na kwenye ncha palikuwa na mstari mwembamba. Koleo langu lina jino lililovunjika. Huacha mstari kama huo. Wenye funguo za karakana tuko wawili, mimi na mdogo wangu. Naye kesho anashindana na Divina.

"Springi huchoka, kaka," mdogo wangu akasema kutoka mlangoni, mkate umemjaa mdomoni. "Mwekee mpya, yaishe."

Nikamwekea mpya. Divina akaondoka.

Bastola ya mdogo wangu ilikuwa mezani, imefunguliwa, inangoja mafuta. Ni pacha wa ile ya Divina. Kila kipuri cha ile kinaingia kwenye hii.

"Yangu tayari, kaka?"

"Bado kidogo," nikamwambia, nikaiokota ile springi fupi.