Hodi ya Nne

"Hodi," Mwashamba aliita kwenye redio ya kituo, maana katika mji ule hata hewani watu walibisha kwanza. "Hodi. Hodi." Akaachia kitufe, akasikiliza. Ukarudi mvumo mtupu.

Mlimani, ndani ya ukungu, alikuwa Tabu, mpima ardhi aliyepotea tangu jana na redio yake ya mkononi. Mama yake Tabu, Bi Semeni, alisimama nyuma ya kiti cha Mwashamba, ncha ya kanga mdomoni.

"Hodi tatu zimetosha, mwanangu," alisema polepole. "Asiyeitika hayupo."

"Yupo, mama. Redio yake inabana matumizi ya betri. Inalala, inaamka, inatega sikio kufumba na kufumbua, inalala tena. Sisi tunabisha ikiwa usingizini. Ikiamka, tumeshaondoka."

Bi Semeni akaikodolea macho ile redio kama aliyeambiwa kwamba mawe hupumua. "Sasa tutajuaje imeamka?"

"Hatutajua. Tusiondoke tu mlangoni."

Mwashamba akabonyeza kitufe, akamsogezea kipaza sauti. Bi Semeni, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpigia mtu hodi ya nne, akajaza kifua.

"Hodiiiii..."

Akaivuta, akaivuta, neno likawa uzi mmoja usiokatika, mpaka pumzi ikamwishia.

Mwashamba akaachia kitufe.

Mvumo ukakoma ghafla, kama watu wanavyonyamaza mlango unapofunguliwa. Kisha, kutoka ndani ya ule ukungu, mtu akavuta pumzi.