Ngoma Iliyokwisha Kupashwa Moto

Mshamu, mpiga ngoma wa harusi za mji ule, alikuwa akiipasha ngoma yake kwenye moto wa makuti, ngozi ikaze, Nyange alipomjia. Nyange alijifunza ngoma kwake. Sasa ndiye mwenye bendi.

"Fundi, leo usiipige. Ile tuliyokurekodi ukipiga imo kwenye mashine. Wewe rusha mikono tu, usiguse ngozi. Watu wanapenda kukuona."

"Na moto wote huu niliowasha?"

"Moshi unapendeza kwenye picha, Fundi."

Mshamu akameza machungu, akapanda jukwaani. Mashine ikafunguliwa. Alilitambua kila pigo, hata lile la kidole chake kilichovunjika, ambalo huchelewa kidogo. Kwa kuchelewa huko Nyange alikuwa akimcheka. Leo ukumbi mzima ulilipigia vigelegele. Mikono yake ikawa inapanda na kushuka hewani kama ya mtu anayefukuza nzi.

Mwishowe akasema liwalo na liwe, akashusha kiganja apige. Ngozi ilikuwa ingali na joto, nayo inatetemeka yenyewe, ikiitikia spika.

Kiganja kikabaki pale pale, kimelala juu ya ngozi, bila kupiga.