Taa Isiyowaka Mbele Yake

Balbu ndogo nyekundu kwenye rafu ya fundi redio haikuwahi kuwaka mkewe akiwa dukani. Hata akae asubuhi nzima. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

“Shemeji, mimi simo,” alisema fundi cherehani, jirani yao wa barazani, uzi mdomoni. “Ila ikiwaka tu, mumeo hata chuma cha kulehemu hakizimi. Huyoo! Na harudi kabla ya saa nzima.”

“Huelekea wapi?”

“Hukata kona hapo kwa msusi. Lakini kona hiyo inaelekea mji mzima, shemeji. Nisije nikashona nguo isiyo yangu.”

Mke alikuwa mwalimu wa sayansi, na hakuzoea kuhukumu kabla ya kupima. Hata hivyo, mambo yalikuwa yakijipanga. Mwezi uliopita mume alimletea kizulia kipya cha mlangoni, na mama yake alishamfunda: mume akianza zawadi zisizo na sababu, fumbua macho. Juzi tena akamwuliza, kwa sauti ya kawaida mno, kwa nini alisimama muda mrefu na mwalimu mwenzake nje ya duka la vitabu. Nani angempelekea habari hizo kama si msusi, ambaye umbea kwake ni sehemu ya kazi?

Leo mume alikuwa amekwenda kununua vipuri. Chumbani, sanduku la mke lilikuwa limeshafungwa. Waya za balbu ile zikiingia kwa msusi, angelala kwa kaka yake, na si leo tu.

Alianza pale anapowaanzishia wanafunzi wake: kwenye betri. Zilikuwa mbili, zimepangwa kichwa kwa mkia. Balbu ilishikizwa upande mmoja. Kutoka kwenye balbu ulitoka waya, na mwingine ukatoka upande wa pili wa betri, zote zikatokomea nyuma ya rafu. Umeme ni msafiri asiyeondoka bila njia ya kurudi, ndivyo alivyowafundisha. Basi mahali fulani njia hii ilikatwa, na mtu fulani alikuwa akiiunga apendapo.

Alizifuata kwa kidole. Zilipanda ukuta wanaochangia na msusi, na moyo ukapanda nazo. Karibu na dari palikuwa na tundu. Akavuta stuli, akapanda.

Waya zililipita tundu, zikakata kona, zikaingia ndani ya nyumba yao wenyewe.

Akashuka, akazifuata. Zilipita juu ya mlango wa chumba, zikajificha nyuma ya kabati la vyombo, zikateremka kwenye fremu ya mlango wa uani. Mlango huo aliutumia yeye kila alipotoka. Mume hupitia dukani. Hapo zikaishia, chini ya kizulia.

Akakifunua. Vipande viwili vya bati, kila kimoja na waya wake, na katikati sponji nyembamba iliyotobolewa.

Alikirudisha taratibu, akazinyoosha pembe zake, kisha akasimama juu yake kama mtu anayetoka kwenda sokoni.

“Shemeji!” fundi cherehani alipiga kelele kutoka barazani. “Njoo mbio uione, imewaka!”