Uzi Mwekundu kwenye Pindo

Sindano ilimchoma kidole mara ya tatu. Akakinyonya, akaendelea kushona. Ndani ya pindo la gauni lake la bluu, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hawezi kuchungulia, zilishakaa herufi mbili za uzi mwekundu. Ilibaki moja, na namba ya swali.

Hiyo ilikuwa siku ya kumi na mbili. Watunzi wa mtihani wa taifa walikuwa wamefungiwa kwenye jengo la ghorofa mbili, simu zimechukuliwa mlangoni, madirisha yamepigiliwa misumari, mlinzi kwenye kila ngazi. Hutoki mpaka mtahiniwa wa mwisho aweke kalamu chini. Hata afe nani.

Mama huyu mwenye sindano, mmoja wa watunzi hao, alikabidhiwa swali la nne la Kiingereza, alama ishirini, lote juu ya kitenzi kimoja tu: get. Mtahiniwa ataje maana zake kumi na mbili, kila maana na sentensi yake.

"Kitenzi gani hiki, jamani!" alilalamika mtunzi mwenzake, mwalimu mzee waliyemwita Babu Sarufi. "Kupata, ni yeye. Kufika, ni yeye. Kuelewa, kuugua, kushuka kwenye basi, yeye yeye! Kazi ambayo Kiswahili kimeajiri watu ishirini, Mwingereza kamtwisha kibarua mmoja."

Mama huyu alicheka, lakini sentensi alizotunga zote zilihusu kutoka, kuponyoka, kukamatwa. Babu Sarufi akazisoma, akavua miwani.

"Mwalimu, haya ni maswali au maombi ya likizo?"

Laiti angejua. Binti wa pekee wa mama huyu alikuwa anangoja kufanya mtihani huohuo. Kiingereza kilishamwangusha mara mbili. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho, sheria haina ya nne. Na fomu ya watunzi iliuliza waziwazi: una mtoto anayefanya mtihani huu? Mtoto wa mtunzi hufutwa jina, hakuna mjadala. Mama akaandika hapana. Binti anatumia jina la baba yake, na baba alishajiondokea zamani. Nani angejua?

Njia ilikuwa moja: nguo chafu. Kila Jumamosi mlinzi alikusanya vifurushi, kila kifurushi kina kibandiko kilekile cha mizigo yao, chenye jina na anwani ya nyumbani. Alipekua kola, mifuko, hata soksi. Jumatano nguo zilirudi safi.

Wiki ya kwanza mama alizikumbatia, akazinusa akitafuta harufu ya nyumbani, machozi yakamlenga. "Kabadilisha sabuni, mtoto huyu," akanung'unika. Na pasi je! Binti ambaye hajawahi kunyoosha hata leso, leo gauni limenyooka kama limepimwa kwa rula. "Kumbe nisipokuwepo kazi anaijua."

Pindo angeliona tu. Mama mwenyewe alimfundisha: geuza nguo, kagua mapindo, ndipo uloweke.

Jumamosi gauni likaondoka, na roho ikaanza kumla. Je, binti akiwanong'oneza wenzake? Je, mlinzi akihisi uzi kwa vidole? Jumatano kifurushi kikarudi. Akakimwaga kitandani, akahesabu nguo mara mbili. Gauni halimo.

Alhamisi asubuhi mlinzi akabisha. "Mwalimu, msimamizi anakuita. Sasa hivi."

Msimamizi alikuwa mtu mpole, mwenye kuomba samahani hata akipiga chafya. Juu ya meza yake, limekunjwa vizuri, lilikuwa gauni la bluu.

"Karibu ukae, Mwalimu. Sijui hata nianzie wapi." Alikuwa ameinamisha macho. "Ni kuhusu hili gauni."

Mama akamkatiza. "Usijisumbue, mkuu. La kuvunda halina ubani." Akayamwaga yote: uzi, pindo, swali la nne, fomu, binti. "Yeye hakuniomba. Hana kosa lolote. Niadhibuni mimi, mwacheni mwanangu!" Akalia kwa sauti, bila aibu.

Msimamizi akavuta daftari, akauliza jina kamili la binti na namba yake ya mtihani, akaandika. Akainua simu ya mezani, akaisoma namba ile polepole, tarakimu kwa tarakimu. "Ndiyo," akasema. "Ifutwe."

Alipoweka simu chini, akalivuta gauni na kulikunjua. Kifuani palikuwa na alama kubwa ya pasi, ya kahawia, imekula kitambaa hadi upande wa pili.

"Nilikuita nikuombe radhi," alisema. "Dobi wetu wa hapo chini, anayewafulia nyote, kaliunguza."