Gongo la Sikitu

Msimu wa kwanza wa timu yao mpya ya mpira wa magongo ulikwisha jioni hiyo. Wachezaji waliegemeza magongo yao ukutani kwa Mama Ngelime, kocha wao, kama kila siku. Anayeondoka na gongo lake, basi kaiaga timu.

Sikitu, mfungaji wao, alikuwa bado na lake mkononi. Alikaa, akainuka, akaenda mlangoni, akarudi. Timu kubwa ya ng'ambo ya mto ilikuwa imemwita, na gari lao lilikuwa nje linanguruma.

"Weka basi, dada, unatuchosha macho," alisema Nambua, golikipa, akifungua vipande vya godoro alivyojifunga miguuni. "Au huko ukuta wao ni wa dhahabu?"

"Wana viatu," Sikitu alijibu.

Wote wakacheka. Nambua naye alikuwa ameitwa na timu hiyo hiyo. Alikuwa amekwenda kusali, akarudi. Sasa gongo lake lilishaegemea ukutani.

Mama Ngelime alizidi kupangusa mpira uliokwisha kutakata.

Sikitu akaliegemeza gongo lake kando ya la Nambua. Honi ikalia nje. Vidole vyake vilikuwa bado havijaliachia.