Jogoo wa Makopo

"Hivi siku hizi watoto wanapelekwa shule kusoma au kuokota jalalani?" jirani alimuuliza Mama siku moja, bintiye Mama alipopita na gunia la makopo mgongoni. Mama akacheka. Mtoto alikuwa ameshajua taka ipi inaoza na ipi itabaki mpaka kwa vitukuu. Hilo nalo ni somo.

Leo hakucheka. Alikuwa akilikaribia lango la shule nusu akikimbia, na ndani ya shuka aliyoibana kwapani mlikuwa na panga.

Langoni alimkuta shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ameegemea baiskeli akimsubiri mtoto kama kawaida. Alikuja siku ya tatu ya msiba, akitokea mbali alikokuwa akifanya kazi, na hakurudi tena huko. Miaka yote hiyo amewalisha mjane na yatima kwa kibanda chake cha sabuni. Ufundi tu ndio aliosema hana: hata mlango wa banda ukilegea, aliita mtu aje kuufunga waya.

"Shemeji, mbona mbio? Nyumba inaungua?"

"Nakuja," akajibu, akampita.

Jana binti alikuja nyumbani na jogoo wa makopo aliyetengenezwa na mwalimu wake wa sanaa, mkia wa vizibo vya soda. Shingo ilifungwa kwa waya: mizunguko mitatu, msalaba mmoja, kisha ncha ikapenyezwa chini isimchome mtu. Mama alimgeuza na kumgeuza yule jogoo mpaka sufuria ikakaukia jikoni. Halafu akatoa uvunguni panga lililomuua mumewe, aliloliokota mtaroni polisi walipokwisha kuondoka, akalificha bila kumwambia mtu. Mpini wake ulikuwa na waya. Mizunguko mitatu, msalaba mmoja, ncha chini.

Alimwomba Mungu subira. Subira haikuja.

Darasani, Fundi Makopo, kijana aliyeletwa kufundisha sanaa ya taka, alikuwa akiwaeleza watoto kwa nini hatumii gundi. "Gundi haifunguki. Waya tutaufungua, jogoo huyu kesho awe taa. Hapo kuna cha kutupa?"

"Hakuna, mwalimu."

Panga likatua mezani. Twiga wa chupa akakatika vipande viwili. Watoto wakatoka mbio, wengine kwa madirisha. Fundi akainua mkono kujikinga; pigo la pili likamchana kutoka kiwiko mpaka kiganja, damu ikamwagikia vizibo. Mama akamkandamiza ukutani, makali kooni.

"Miaka tisa nimelilalia panga hili," alisema taratibu. "Uangalie huu mpini kabla sijakumaliza. Mume wangu alikatwakatwa kama kuni."

Fundi akauangalia.

"Mama, miaka tisa iliyopita nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ndiyo kwanza nilikuwa najifunza kushika koleo."

Makali hayakusogea. "Fundo hili ni la nani?"

"La mwalimu wangu. Ni lake, hakuna mwingine. Tulikuwa tunasuka vizimba vya kuku. Mwaka huohuo akaondoka bila kuaga mtu. Sikumwona tena mpaka nilipoletwa shule hii. Kila siku namsalimia, anajifanya hanijui."

"Yuko wapi?"

Mkono mmoja wa fundi ulikuwa ukivuja damu, wa pili ukiubana. Alielekeza kwa kidevu, dirishani. Pale langoni mwanamume alikuwa amembeba binti anayelia, akimfuta machozi kwa kiganja, akimpandisha kwenye baiskeli.

Mama akalifuta panga, akalizungushia shuka, akatoka kuelekea langoni.