Tone la Wifi

Siku hizi kila mtoto ana mama wa kinga: mtu mmoja ambaye damu yake hufundisha chembe za kinga za mtoto jeni zipi ziamke na zipi zilale; damu ya mwingine huzivuruga. Salha alipozaliwa mimi nilikuwa hoi, basi akachaguliwa wifi yangu, Mwanakombo.

Tangu hapo Salha akishikwa na homa, hatulii mpaka adungwe tone la damu ya wifi. "Usijali wifi, mtoto ni wetu," huniambia huku akimpakata. Wetu! Uchungu niliusikia mimi.

Leo asubuhi mtoto amechemka. Mume wangu akapiga simu kutoka kazini: "Umemwita dada?"

"Yuko njiani," nikamdanganya.

Kisha nikatoboa kidole changu mwenyewe, nikamdunga mwanangu tone langu.

Sasa ni adhuhuri. Nimempakata, anawaka moto, na kila anapomwita shangazi, naitika mimi.